Baada ya PhD, Karakana Iko Wapi?

Wasee, leo tuongee historia. Wengi wenu mlinifuata hapa kwa sababu ya hizi posti za kuchimba vitu na kuuliza vilitoka wapi. Ya leo inahusu kitu ambacho pengine hujawahi kukisikia, na mimi mwenyewe nimekielewa mwezi huu tu. Nilianza kukitafuta kwa sababu ya swali alilouliza mathe tukiwa mezani Nakuru.

Kisa ni hiki. Dada yangu mkubwa alimaliza PhD ya kemia mwaka juzi. Nyumbani tunamwita Dakta, na majirani huja kumuuliza kuhusu presha. Tangu amalize amekuwa akifundisha kwa kulipwa vipindi katika vyuo viwili. Malipo ya muhula huu huja muhula ujao ukiwa umeisha, yakija. Maabara hana. Alichokianza kwenye PhD kimelala ndani ya laptopu. Sasa amepata barua kutoka ng'ambo: miaka miwili ya utafiti, analipwa, na mradi ni wake mwenyewe. Wanaiita postidoki, yaani ufadhili wa utafiti kwa mtu ambaye ameshapata PhD.

Alipotutangazia, mathe aliweka sahani chini akauliza, "Kwani hujamaliza kusoma?"

Dada akajaribu kueleza, akashindwa. Akanigeukia. "Hebu mwelezee wewe. Si ndiyo kazi yako mtandaoni?"

Fikiria hiyo. Mimi kitinda mimba, niliyeacha uhandisi mwaka wa tatu, nimweleze mathe kinachokuja baada ya PhD. Sikuweza. Nikaomba wiki mbili nikasome. Dada naye alikuwa na hadi mwisho wa mwezi kujibu ile barua, kwa hivyo haikuwa mchezo.

Haya ndiyo niliyorudi nayo.

Kwanza nilitafuta njia ya kumwelezea mathe, na nikaipata kwa anko wetu. Anko alijifunza kuchomelea vyuma kwa mzee mmoja wa jua kali. Alipoiva, kazi aliijua, lakini mashine hakuwa nayo, wala wateja, wala jina. Yule mzee akampa kona ya karakana. Akamwambia atumie mashine, atengeneze mageti yake mwenyewe, watu wamjue, halafu ajitegemee. Anko hakuwa mwanafunzi tena, na hakuwa mwajiriwa wa kutumwa. Alikuwa fundi aliyepewa muda na mashine ili athibitishe mkono wake.

Postidoki ni hiyo kona. Swali langu likawa: nani alianza kutoa kona kwa wanasayansi, na kwa nini?

Mwaka 1876, Marekani, chuo kikuu cha Johns Hopkins kilifunguliwa mjini Baltimore. Tajiri aliyekipa jina aliacha dola milioni 7, nusu ya chuo, nusu ya hospitali. Rais wake wa kwanza, Daniel Coit Gilman, alifanya jambo ambalo wengi waliliona geni. Alitenga nafasi 20 kwa vijana waliokwisha kuhitimu, kila mmoja dola 500 kwa mwaka, ili wafanye utafiti. Baadhi yao walikuwa tayari na udaktari. Enzi hizo Mmarekani aliyetaka utafiti wa maana alipanda meli kwenda Ujerumani. Gilman alitaka akae nyumbani. Shikilia hilo neno, nyumbani, tutalirudia.

Kisha Uingereza. Mwaka 1851 London ilifanya maonyesho makubwa ya viwanda ndani ya jumba la vioo pale Hyde Park. Watu walifurika, na hesabu zilipofungwa kulikuwa na faida ya pauni 186,000. Wangeweza kugawana. Badala yake, tume iliyosimamia maonyesho hayo, chini ya Prince Albert, ilinunua ardhi South Kensington, ambako leo kuna majumba ya makumbusho na Imperial College. Tume haikuvunjwa. Na mwaka 1891, miaka 40 baada ya maonyesho, ikaanza kutoa ufadhili wa sayansi kwa wahitimu wa vyuo vya mikoani na vya makoloni. Pauni 150 kwa mwaka, kwa miaka miwili, nenda ukafanye utafiti.

Yaani faida ya maonyesho ya mashine ilikuja kuwalipa vijana ambao hata hawakuwa wamezaliwa maonyesho yakifanyika. Na hiyo tume iko hadi leo, bado inatoa ufadhili.

Sasa hapo ndipo anapoingia kijana mmoja kutoka New Zealand. Ernest Rutherford alizaliwa 1871, mtoto wa nne kati ya 12. Baba alikuwa fundi wa magurudumu na baadaye akafanya biashara ya katani, mama alikuwa mwalimu. Alisoma Christchurch akapata shahada zake, na utafiti wake wa kwanza wa sumaku na umeme aliufanya katika chumba baridi cha chini ambako wanafunzi walikuwa wakitundika majoho. Aliomba kazi ya kudumu ya ualimu wa shule. Akakosa. Akaomba tena. Kwa jumla alikosa mara tatu.

Tulia hapo kidogo. Mtu ambaye leo picha yake iko kwenye noti ya dola 100 ya New Zealand alikosa kazi ya kufundisha shule. Dada yangu aliposoma hii sehemu alicheka, halafu akanyamaza.

Rutherford akaomba ule ufadhili wa 1851. New Zealand walikuwa na nafasi moja na waombaji wawili. Nafasi ikapewa yule mwingine, James Maclaurin, mkemia wa Auckland aliyefanya kazi ya maana kuhusu kusafisha dhahabu. Maclaurin hakuwa mzembe, na waamuzi hawakupotoka. Ila alipata kazi ya serikali nyumbani na akakataa ufadhili. Nafasi ikamwangukia wa pili. Familia ya Rutherford ilikuwa ikisimulia kwamba habari ilimkuta shambani akichimba viazi, akatupa jembe akasema hicho ndicho kiazi cha mwisho atakachochimba. Kama ilikuwa hivyo kweli au iliongezwa chumvi, sijui nani atathibitisha, lakini kila aliyewahi kungoja barua ya kazi anaielewa hiyo hadithi.

Mwaka 1895 akafika Cambridge, kwenye maabara ya Cavendish, chini ya J. J. Thomson. Mwaka huohuo chuo kilikuwa kimebadilisha sheria kuruhusu wahitimu wa vyuo vingine kuja kufanya utafiti, na yeye akawa miongoni mwa wa kwanza kuingia kwa mlango huo. Miaka mitatu baadaye alikuwa profesa Montreal. Mwaka 1908 akapata Nobel ya kemia. Mwaka 1911, akiwa Manchester, akaeleza kwamba atomu ina kiini.

Yote hayo yalianza na pauni 150 kwa mwaka, na mtu wa chaguo la pili.

Kuna jambo lingine kuhusu 1895 ambalo Mkenya hawezi kulipita. Mwaka huohuo, mwezi wa saba, Uingereza ilitangaza nchi yetu kuwa himaya yake, na mwaka uliofuata reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa. Milki ileile iliyomlipa kijana wa Christchurch akatafute siri za atomu ilikuja hapa kuchukua ardhi na kutafuta vibarua. Ufadhili ulikuwa wa wahitimu wa vyuo vikuu vya makoloni, na sisi hatukuwa na chuo. Makerere ilianza 1922 kama shule ya ufundi. Chuo cha ufundi cha Nairobi kilifunguliwa miaka ya 1950 na kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Kwa hivyo mtu akikuuliza kwa nini Kenya haina Rutherford wake, mwambie aanze kuhesabu kutoka hapo. Kona ya karakana haikutolewa kwa kila mtu.

Tuendelee na mmoja tu kabla ya kutoka Uingereza, kwa sababu kisa chake siwezi kukiacha. James Chadwick, mwanafunzi wa Rutherford kule Manchester, alipata ufadhili huohuo wa 1851 mwaka 1913. Masharti yalimtaka aende maabara nyingine, akachagua Berlin, kwa Hans Geiger. Mwaka uliofuata vita vikuu vya kwanza vikaanza. Chadwick, Mwingereza ndani ya Ujerumani, akakamatwa na kufungiwa Ruhleben, uwanja wa mbio za farasi uliogeuzwa kambi. Alilala kwenye banda la farasi. Alikaa humo hadi vita vilipoisha.

Unajua alifanya nini? Wakati ule Ujerumani iliuza dawa ya meno iliyochanganywa na thoriamu, kitu kinachotoa mionzi, watu wakidhani inang'arisha meno. Chadwick akaitumia hiyo dawa ya meno kwa majaribio, na vifaa vya kuokotaokota, mle mle bandani. Akamvuta mfungwa mwenzake kijana, Charles Ellis, aliyekuwa na mpango wa kuwa mwanajeshi, na Ellis akaishia kuwa mwanafizikia. Chadwick alirudi kwao bila pesa na afya ikiwa mbovu. Mwaka 1932 akagundua nyutroni. Nobel ikaja 1935.

Ukihesabu kwa macho ya mhasibu, ule ufadhili wa 1913 ulipotea bure. Hakumaliza mradi, alifungwa. Lakini aliyeutoa hakuwa ananunua ripoti ya miezi sita. Alikuwa analipia mtu.

Hili wazo Wamarekani walilichukua wakalikuza. Mwaka 1919 taasisi ya Rockefeller ilitaka kusaidia fizikia na kemia, na palikuwa na wazo la kujenga taasisi moja kubwa ya utafiti, jengo la kujionyesha. Wanasayansi kama Robert Millikan wakapinga. Wakasema wapeni vijana ufadhili, wakae kwenye vyuo, vyuo vyenyewe viinuke. Rockefeller ikatoa dola 500,000 kwa miaka mitano kupitia Baraza la Taifa la Utafiti. Linus Pauling alipitia hapo. Robert Oppenheimer alipitia hapo. Mfuko mwingine wa Rockefeller ulilipia vijana wa Ulaya, na ndio uliomweka Werner Heisenberg Copenhagen kwa Niels Bohr mwaka 1924 na 1925, na Enrico Fermi Leiden. Miaka 20 baadaye, nchi iliyokuwa ikituma vijana Ujerumani kujifunza fizikia ndiyo ilikuwa mwalimu wa dunia.

Nisiwauzie asali tupu lakini. Baada ya vita vya pili vya dunia pesa za utafiti zikawa nyingi Marekani, na postidoki ikabadilika taratibu. Ile ya zamani, mtu na mradi wake, ilibaki kwa wachache. Wengi wakawa wanaajiriwa na profesa kwa mradi wa profesa, mkataba mfupi, mshahara mdogo, ukiisha unatafuta mwingine. Kona ya karakana ikageuka foleni. Mwaka 2000 akademia za sayansi za Marekani zilitoa ripoti nzima kuhusu hali hiyo, na mwaka 2003 wakaunda chama chao cha kuwatetea.

Mwangalie Katalin Karikó. Mwaka 1985 nafasi yake ya utafiti Szeged, Hungaria, iliisha pesa. Akapata postidoki Philadelphia. Sheria za nchi yake hazikuruhusu kutoka na pesa nyingi, kwa hivyo yeye na mume wake walishona pauni 900 ndani ya mwanasesere wa dubu wa binti yao. Huko Marekani akashikilia utafiti wa mRNA ambao wachache waliuamini, na mwaka 1995 chuo alichokuwa kikamshusha cheo. Kazi hiyohiyo ndiyo iliyokuja kusaidia kutengeneza chanjo za korona, na 2023 akapewa Nobel. Ni hadithi tamu ukiisoma kutoka mwisho. Ukiisoma kutoka katikati, ni mwanamke mwenye PhD ambaye kwa miaka mingi hakujua mwaka ujao atalipwa na nani. Na kwa kila Karikó mmoja tunayemjua, kuna wengine ambao foleni iliwachosha wakaondoka.

Nilimwambia dada hilo waziwazi. Akasema analijua, analiishi sasa hivi, tofauti ni kwamba hapa analiishi bila maabara.

Hapo ndipo nikafika kwa mtu ambaye naona anatuhusu kuliko wote. Abdus Salam alizaliwa 1926, akakulia Jhang, ambayo leo iko Pakistan. Akaenda Cambridge akang'ara, akapata PhD, na mwaka 1951 akarudi nyumbani kufundisha Lahore. Alirudi, jamani. Alifanya kile ambacho kila mtu huwaambia wasomi wafanye. Alichokuta ni kwamba hakuna mtu wa kuongea naye fizikia yake na majarida hayafiki kwa wakati. Mkuu wa chuo akamwambia asahau utafiti, achague kazi ya ziada: kusimamia bweni, kusimamia hesabu, au timu ya mpira. Akachagua mpira. Wolfgang Pauli, mwanafizikia mkubwa, alipokuja Bombay, Salam alikwenda kumwona, na akarudi kukuta kesi ya kuondoka bila ruhusa.

Mwaka 1954 akarudi Cambridge. Kwa maneno yetu ya leo, akawa mmoja wa wale tunaowaita waliokimbia nchi.

Lakini jambo hilo lilimuuma. Mwaka 1964 akafanikisha kufunguliwa kwa kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia Trieste, Italia. Humo akaweka mpango wa wanasayansi washirika: wewe unayefanya kazi nchi maskini unabaki na kazi yako nyumbani, lakini kwa miaka kadhaa unapewa safari za kuja Trieste, wiki au miezi michache kila mara, ukae na wenzako, usome, ujaze betri, urudi. Salam alipata Nobel mwaka 1979. Mimi naona ule mpango ni mkubwa kama Nobel yenyewe, kwa sababu ulikuwa wa kwanza niliousoma uliokubali kwamba mtu anaweza kutaka vyote viwili, sayansi na kwao.

Na sisi? Sisi tulikuwa na Thomas Odhiambo. Alizaliwa Mombasa 1931, akapita Makerere, kisha Cambridge kusomea wadudu chini ya Vincent Wigglesworth. Akarudi. Mwaka 1967 akaandika katika jarida la Science kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kituo chake cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kikazaliwa Nairobi. Makao yake Kasarani yanaitwa Duduville. Ukipita Thika Road ukaona hilo jina ukadhani ni utani, sasa unajua.

Mpango wake wa mwanzo ulikuwa wa akili. Wanasayansi wenye majina makubwa wa ng'ambo waliongoza utafiti kwa kuja na kuondoka, na watafiti vijana wenye PhD mbichi walikaa hapa hapa kufanya kazi. Kona ya karakana, lakini karakana iko Nairobi. Mwanzoni wengi wa hao vijana walitoka nje. Odhiambo aliliona hilo, na mwaka 1983 ICIPE na vyuo vya Afrika wakaanza mpango wa kufundisha Waafrika hadi PhD ya sayansi ya wadudu. Mwaka 1985 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Akademia ya Sayansi ya Afrika, na rais wake wa kwanza.

Matunda? Uliza mkulima wa Homa Bay au Siaya kuhusu vuta-sukuma. Miaka ya 1990, ICIPE na Rothamsted ya Uingereza, kwa kazi iliyoongozwa na Zeyaur Khan, mwanasayansi kutoka India, pamoja na watafiti wa Kenya, walionyesha kwamba ukipanda desmodiamu katikati ya mahindi, harufu yake inawafukuza nondo ambao funza wao hutoboa mabua, na nepia ukingoni mwa shamba inawavuta. Desmodiamu hiyohiyo inazima kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi hadi yanyauke. Ng'ombe wanapata majani juu yake. Hiyo haikuagizwa kwenye kontena. Ilitokana na watu wenye elimu ya juu waliopewa miaka, si miezi, ya kukaa Mbita kando ya ziwa wakiangalia wadudu.

Kwa hivyo kujua tunajua. Sheria pia tunayo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda mfuko wa taifa wa utafiti na kusema serikali iuwekee asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Imeandikwa, imesainiwa. Pesa zinazotoka ziko mbali sana na hapo.

Matokeo ni kwamba kona nyingi zilizopo kwetu zinalipiwa na wengine. Mwaka 2019 Akademia ya Sayansi ya Afrika na Royal Society ya Uingereza walitangaza kundi la kwanza la ufadhili wa FLAIR: watafiti 30 chipukizi, hadi pauni 150,000 kwa mwaka kwa miaka miwili, kwa sharti kwamba wakae kwenye taasisi za Afrika. Mpango mzuri kabisa. Pesa zilitoka kwenye mfuko wa misaada wa Uingereza. Mwaka 2021 Uingereza ikapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.7 ya pato lao hadi 0.5, na miradi ya utafiti iliyotegemea mfuko ule ikatikisika. Wao wana haki ya kupanga pesa zao. Lakini ukipewa kona katika karakana ya mtu, siku akiuza mashine utajua hukuwa na karakana.

Sasa najua komenti zinazokuja. "Wewe uliacha chuo, umetoboa, unatuambia nini kuhusu PhD? Elimu ni utapeli." Nitajibu mara moja. Mimi sikuacha chuo kwa ujanja. Karo iliisha, na muda ukaisha nayo. Nilishukuru simu na intaneti zikanishika mkono, lakini kuna mambo niliyokuwa nikiyaelewa mwaka ule wa tatu ambayo sikupata nafasi ya kuyafuata, na sitajua yangefika wapi. Tunapenda hadithi za matajiri walioacha chuo. Historia niliyoisoma wiki hizi mbili inasema kitu kingine: Rutherford hakusaidiwa na kuacha, alisaidiwa na mtu kumlipia kuendelea. Kipaji alikuwa nacho akiwa kwenye chumba cha majoho, na bado shule tatu zilimpita.

Kwa Kenya tunahesabu PhD. Vyuo vinashindana ni nani ana nyingi, tunapiga picha za kofia, tunakula nyama ya mbuzi, halafu yule mtu tunamwacha kwenye vipindi vya kulipwa kwa saa hadi alichosomea kioze. Miaka mitatu ya kwanza baada ya kofia ndiyo miaka ambayo Rutherford alikuwa Cambridge. Sisi hapo ndipo tunapoweka shimo.

Ombi langu ni dogo. Tukianza na nafasi 20 tu kwa mwaka, kama zile za Gilman, zilipwe na mfuko wetu wenyewe, zikae kwenye vyuo vyetu na vituo vyetu, miaka mitatu bila kubabaishwa, na ziwe na ruhusa ya kusafiri kama zile za Salam. Wachache watatoa makubwa. Wengine watashindwa. Na wa chaguo la pili wapewe pia.

Jumamosi iliyopita nilirudi Nakuru nikamweleza mathe yote, nikianza na anko na kona yake ya karakana. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Kuhusu Chadwick na dawa ya meno alisema, "Huyo mtoto alikuwa na kichwa kigumu." Akamgeukia dada akamwambia aende, hata nauli ya kwenda kutafuta viza atachangia.

Halafu akaniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye waziri: "Na akimaliza hiyo miaka miwili, karakana yake hapa iko wapi?"

Dada alituma jibu la ndiyo Jumatatu. Swali la mathe bado sijalijibu. Kama wewe una PhD na ulipata kona yako hapa hapa nyumbani, tafadhali andika kwa komenti ni wapi na ilikuwaje, nikamsomee. Na kama mbunge wako huja mtaani kwenu, muulize kuhusu ile asilimia 2 ya mwaka 2013, uone kama anajua unaongea nini.

Tupatane wiki ijayo.